Nahodha wa Nakuru

Watu wa Lamu hawashangai mtu kumiliki chombo. Wanachoshangaa ni mtu kukihamia na masufuria yake. Mashua yetu imetia nanga mbele ya Shela, na kila anayepita kwenye boti ya abiria hunyoosha shingo kuona kama kweli tunalala humo. Tunalala. Humo humo tunapika, tunafua na tunanuna. Kununa ndiko kugumu zaidi, maana nyumba ya nchi kavu ina chumba cha kununia, bali mashua ya futi thelathini ina omo na tezi tu, na anayenuna omoni anamwona vizuri anayenuna tezini.

Mume wangu ndiye nahodha. Cheo hicho alijipa mwenyewe siku tuliyommalizia fundi wa kalafati pesa zake, nami sikumpinga. Nimezaliwa katika ukoo wa mabaharia, najua cheo hakiendeshi chombo. Yeye ni mzaliwa wa Nakuru. Bahari aliyokulia ni lile ziwa lenye heroe, maji yasiyojaa wala kupwa, ambayo ukiyaacha leo utayakuta kesho pale pale. Alipostaafu ukaguzi wa hesabu alinunua kofia, akatia jedwali la maji kwenye simu, na tangu hapo anasema na Bahari Hindi kama mkaguzi anayesema na karani aliyepoteza risiti.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya Januari, kaskazi ikivuma kwa adabu. Mwezi ulikuwa umetimiza siku kumi na moja, kwa hiyo maji yangejaa adhuhuri ikipita kidogo. Nahodha alitangaza matembezi: tuvuke mlango wa bahari, tuingie ule mkono wa maji unaokaribia kukikata kisiwa cha Manda vipande viwili, tukaone magofu ya Takwa, tule chini ya mibuyu, na alasiri tuwe tumerudi Shela tunakunywa chai. Ratiba aliiandika kwenye daftari na kuipigia mstari kwa rula.

Mstari ulianza kupinda kwenye kifungua kinywa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeweka mbaazi za nazi na mahamri, mara boti iendayo kasi ikapita ubavuni. Wimbi lake likatuinua, likatuteremsha, na mbaazi zote zikahamia kwenye kofia ya Nahodha iliyokuwa imewekwa kwa heshima juu ya sanduku. Akaikung'uta, akaivaa, akaamuru nanga ing'olewe. Nanga ikakataa. Kumbe ilikuwa imekumbatiana na kamba ya jirani, na kuwatenganisha kukatugharimu nusu saa na maneno ambayo jirani, kwa hisani yake, alijifanya hakuyasikia.

Tulipokaribia mdomo wa mkono ule, upepo ukazibwa na mikoko, ikabidi kuwasha mashine. Leso yangu, niliyoianika kambani, ikaona huu ndio wakati wa kuondoka nyumbani. Ikaruka, ikatua majini, ikavutwa na panga la mashine na kujifunga mara nyingi kuliko kilemba cha bwana harusi. Nahodha akaning'inia tezini na kisu cha jikoni, nami nikashika upondo kutuzuia tusiingie mikokoni. Leso hizi huuzwa jozi. Sasa nina moja ya kuvaa, na nyingine imebaki na matundu ya kupitishia hewa.

Takwa, hata hivyo, inastahili taabu. Mji huu ulistawi katika karne ya 15 hadi ya 17, kisha ukahamwa. Msikiti wake ungali na mihimili na kibla chake, na juu ya ukuta wa kibla imesimama nguzo ambayo ni nadra kuiona kwenye misikiti ya pwani yetu. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi lenye nguzo, na watu wa Shela, ambao kwa masimulizi yao asili yao ni Takwa, huenda huko kuomba dua ya mvua. Wanaotafuta sababu za mji kuhamwa hutaja ugomvi na mji wa Pate, na hutaja pia visima vilivyoingiwa na maji ya chumvi.

Mtu mwingine angetazama, angeshukuru, angeondoka. Lakini mkaguzi hastaafu. Nahodha alipima msikiti kwa hatua, akahesabu vidaka vya ukutani, akavihesabu tena kwa sababu hesabu mbili hazikulingana. Mtunzaji wa mahali pale, aliyezoea wageni wanaopiga picha moja na kuuliza choo kiko wapi, alifurahi kumpata mtu mwenye maswali, akamzungusha tangu lango hadi lango.

"Baba, maji yanatoka," nikamwambia.

"Yamejaa sasa hivi," akajibu, akinionyesha simu. "Tuna muda."

Jedwali halikusema uongo. Jedwali hukueleza maji yatajaa saa ngapi. Halijui mashua yako inataka maji ya kina gani, wala ule mkono wa maji wa Takwa una mchanga kiasi gani. Kwenye pwani hii maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na hata siku zisizo za bamvua, mahali palipokuwa na maji ya kuogelea huwa tope la kaa mchana huo huo.

Tulipofika kona ya pili, mkuku ukagusa. Nahodha akasema tumepitia mgongo wa samaki. Basi alikuwa samaki mkubwa na mwenye upendo, maana hakutuachilia tena. Tulisukuma kwa upondo, tukazima mashine, tukaiwasha. Nahodha akashuka, akazama hadi magotini, akasukuma kwa bega, na kiatu kimoja kikabaki chini kama amana. Mashua ikalala ubavu taratibu. Sufuria, chupa ya chai, mkaa, daftari la ratiba, vyote vikateremka kwa mpangilio hadi upande wa kushoto.

Ili kumliwaza, nikamkumbusha vita vya Shela. Mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi la Pate na la Wamazrui wa Mombasa lilishuka pale kuipiga Lamu. Lilipovunjika likakimbilia vyombo vyake, likavikuta vimekaa mchangani, maji yameshatoka. Wengi waliuawa pwani pale pale.

Nahodha, angali matopeni, akauliza kama na wao walikuwa na jedwali.

Jioni akatokea mzee mmoja, anavuta hori lake kwenye kijito kilichobaki katikati.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mmepwelewa?"

"La, mzee," Nahodha akadakia. "Tunapumzika."

Mzee aliitazama mashua iliyolala, akamtazama mtu mwenye kiatu kimoja na harufu ya mbaazi kichwani. "Vyema," akasema. "Basi pumzikeni mpaka saa saba ya usiku." Akatuuzia kaa kwa bei ya watu wasio na pa kwenda, akaendelea na safari yake.

Kuwapika kaa wale kulihitaji wahandisi. Jiko tulilikaza kati ya sanduku na dumu, sufuria nikaishika kwa mkono, na Nahodha akawa mlinzi wa kaa ambao hawajaivishwa. Mmoja alimtoroka na kumfinya kidole cha mguu usio na kiatu; nadhani kaa naye alijua pa kushambulia. Maji ya kunywa yalikuwa yamebaki kidogo chini ya dumu, maana dumu la pili tuliliacha Shela ili kupunguza uzito. Nilipokula kaa wa chumvi nikitazama maji ya chumvi, ile habari ya visima vya Takwa nikaiamini bila ushahidi zaidi.

Kisha mbu wa mikokoni wakaja na jamaa zao wote. Nilitaka kununa. Nilistahili kununa. Lakini kwenye mashua iliyolala upande hakununiki: unajivuta omoni kwa hasira, na dakika moja baadaye umeporomokea kona ile ile aliyoporomokea mwenzio. Mara ya tatu tukaanza kucheka, tukajifunika leso yenye matundu, ambayo mbu waliifahamu haraka kuliko sisi.

Saa saba ya usiku maji yakaja, kama mzee alivyosema, si mapema si nyuma. Mashua ikasimama wima, na kila kitu kikateremka tena, safari hii kuelekea kulia. Tulitoka kwa upondo, mwezi ukiwa chini upande wa magharibi, na alfajiri tukatia nanga mahali petu, adhana ya Shela ikitukaribisha.

Nahodha alilifungua daftari, akaandika: "Chombo kilichelewa kwa sababu za kiutawala." Akapiga mstari kwa rula, akalala.

Nawe msomaji, ukiwa na mpenzi, mashua na hamu ya kutalii, nenda Takwa, hutajuta. Ila kabla ya kuuliza kiingilio ni bei gani, mtafute mvuvi yeyote wa Shela umuulize maji yanatoka saa ngapi. Akikujibu, ondoka saa moja kabla ya hapo. Na dumu la pili usiliache.