Visigino Juu

"Munatwanga kisamvu huko juu, ama munaivunja nyumba?"

Sauti ya bibi wa chini ilipanda ngazi ikanikuta nimeng'ang'ania ufito wa mbao uliopigiliwa ukutani, magoti nje, visigino juu, mwili mzima unatetemeka na vumbi la chokaa linamwagika. Walianza kucheka wenzangu, kisha mwalimu. Mpaka leo swali lile linanichoma.

Zoezi lenyewe huitwa plie, la wacheza baleti. Ukilitazama utalidharau: unakunja magoti, unanyanyua visigino, unabaki hapo hapo. Kubaki ndiko kunakoua. Msuli ni nyuzi nyingi, na ubongo hauzitumi zote kwa pamoja. Huita kundi moja, likichoka huita jingine, mpaka akiba inakwisha na makundi yanapishana ovyo, hili limeshaachia na lile halijashika. Kupishana huko ndiko kutetemeka. Nilipoelezwa nilivutiwa mno, nikasahau kwamba mapaja yanayosemwa ni yangu. Aliyeyatoa mazoezi haya jukwaani akawapa watu wa kawaida ni Lotte Berk, mcheza dansi mzaliwa wa Ujerumani aliyewakimbia Wanazi akahamia London. Aliumia mgongo, na mwaka 1959 akafungua darasa lake.

Lakini yeye hakufundisha Mji Mkongwe wa Unguja. Huku chumba hupimwa kwa boriti: upana hauwezi kupita urefu wa mti wa mkoko unaobeba dari, kiasi cha mita 3 hivi. Fundi aliyejenga hakumfikiria mtu atakayerusha mguu. Mwalimu aliposema tuuzungushe nyuma, wangu ulifika nusu ya safari ukakutana na shoga yangu, wake ukakutana na ukuta, na ukuta wa mawe ya matumbawe haujui kuomba radhi.

Bibi wa chini, kwa taarifa yenu, huchuchumaa mbele ya jiko la mkaa tangu alasiri mpaka wali ukauke, na hatetemeki hata kope.

Mimi, kesho yake ya darasa, nilikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, nikainuliwa na watoto. Daladala ya Darajani siisemi.

Kicheko hunikauka nikifika kwenye bei. Darasa lilikuwa likilipiwa kwa dola, limewekewa wageni; sisi tuliingia kwa hisani ya jamaa anayekaa mapokezi. Wanaume wana pwani: jioni Forodhani vijana wanaruka makachu baharini, wengine wanapiga mpira mchangani, na hakuna anayewauliza wanatwanga nini. Mwanamke wa mtaa wa Malindi au Kiponda anayetaka kunyoosha viungo bila ya kutazamwa aende wapi? Nyumba za ukoo zimekuwa hoteli, mapaa yamekuwa mikahawa.

Basi mwenye ukumbi mpana kuliko boriti, na mlango unaofungika, atuazime Jumamosi asubuhi. Tutalipa, lakini kwa shilingi.