Maikrofoni Nane Chini ya Bati Moja

Prodyuza wetu wa mtaa wa Gikondo kaagiza maikrofoni nane za kurekodia dramu, ikiwemo Shure SM57, ileile iliyoingia sokoni mwaka 1965, kwa ajili ya snea. Hongera zake. Chumba chenyewe ni kuta tupu za saruji, bati lisilo na dari, na nje pikipiki zinapanda kilima moja baada ya nyingine. Mhandisi wa sauti Glyn Johns alirekodi dramu za bendi ya Led Zeppelin mwaka 1968 kwa maikrofoni chache tu. Maskini, hakujua raha ya kununua. Mwambie prodyuza wetu asimamishe godoro ukutani limeze mwangwi, atakucheka: godoro lina waya? Haya, tusubiri mvua ya Aprili, maikrofoni zote nane ziinase vizuri, kila tone na upande wake wa stirio.