Barua ya Wazi kwa Sir Jim Ratcliffe

Kwako Mheshimiwa Sir Jim Ratcliffe,
Mmiliki mwenza na msimamizi wa masuala ya soka,
Manchester United, Old Trafford.



Yah: SHUKRANI NA OMBI DOGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni shabiki wa Mashetani Wekundu hapa Dar es Salaam, mtu wa kibanda umiza, nalipa kiingilio na kubanana kwenye benchi na wenzangu wa jezi nyekundu kutazama mechi. Niwie radhi kwa kuthubutu kukuandikia. Najua barua ya mtu wa hali yangu haifiki kwenye meza ya mtu wa cheo chako. Hata usipoisoma, nitakuwa nimetimiza wajibu wa kushukuru.

Kwanza, nakushukuru kwa subira. Msimu wa 2023/24 kocha Erik ten Hag alitufikisha nafasi ya 8, ya chini kuliko zote tulizokuwa tumemaliza tangu Ligi Kuu ya England ianze mwaka 1992. Mwenye pupa angempongeza kwa Kombe la FA alilotwaa kwa kuifunga Manchester City 2-1, kisha akampa mkono wa kwaheri. Wewe na wenzako, kwa hekima yenu, mlizungumza na makocha wengine, halafu Julai 2024 mkamwongezea yeye huyohuyo mkataba hadi 2026. Oktoba 28 mwaka huohuo, timu ikiwa nafasi ya 14, mkamfungashia virago. Kumwondoa yeye na wasaidizi wake kukagharimu pauni milioni 10.4. Ahsante sana, mheshimiwa, kwa kutuonyesha bei ya kuchelewa.

Pili, nakushukuru kwa kuturudishia somo hilo, usije ukadhani tumelisahau. Kocha Ruben Amorim alikuja na wasaidizi wake kwa pauni milioni 11 zilizolipwa Sporting. Tukamaliza nafasi ya 15 kwa pointi 42, na fainali ya Europa League tukafungwa na Tottenham. Akabaki. Agosti 2025 tukatolewa Kombe la Carabao na Grimsby Town ya daraja la nne, penalti 12-11. Bryan Mbeumo alipogonga mwamba, usiku ukiwa umekwenda sana, kibanda kizima kilinyamaza, hata vijana wa Arsenal waliokuja kutuzomea. Akabaki. Oktoba ukasema apewe miaka 3 ya kuonyesha uwezo wake. Januari 2026 kibarua chake kikaota nyasi.

Viongozi wetu huku hawakujaliwa utulivu wako. Novemba 2024 Yanga walimwondoa Miguel Gamondi baada ya kufungwa mechi mbili mfululizo, ingawa msimu uliotangulia aliwapa ubingwa. Msimu huohuo waliomwondoa wakatwaa ubingwa tena. Wasamehe, mheshimiwa.

Tatu, na hapa heshima yangu kwako inazidi kipimo, nakushukuru kwa wepesi wako pale unapotaka kuwa mwepesi. Mwaka 2024 klabu ilipunguza wafanyakazi wapatao 250, na Februari 2025 ikatangaza kupunguza wengine hadi 200. Chakula cha mchana cha bure kikafutwa: Old Trafford wafanyakazi wakaachiwa matunda, kwenye uwanja wa mazoezi wa Carrington wasio wachezaji wakaachiwa supu na mkate. Tiketi zilizobaki msimu ule zikauzwa pauni 66, bila punguzo kwa mtoto wala mzee. Huko hukuomba miaka 3 ya kutafakari. Na hakuna mpishi wa Carrington aliyewahi kufungwa 7-0 na Liverpool.

Kwa hiyo, mheshimiwa, nimeona tatizo si moyo, bali mazoezi. Mkono wako umezoea kumwachisha kazi mdogo, haujazoea kumwachisha mkubwa kwa wakati. Naomba kwa unyenyekevu uniajiri Jumatatu niwe kocha mkuu wa Manchester United, na Ijumaa ya wiki hiyohiyo unifukuze. Sina leseni ya ukocha, kwa hiyo sababu hutazikosa. Ukihitaji kurudia zoezi, nitakuja tena Jumatatu inayofuata.

Fidia yangu sitaichukua. Naomba itumike kurudisha chakula cha mchana kwa wafanyakazi waliobaki, kwa kuwa hao hawakupanga kikosi hata siku moja. Endapo Alhamisi utaguswa na huruma ukataka kuniongezea mkataba, nakusihi usifanye hivyo.

Na kocha yeyote wa kweli utakayemkabidhi timu yetu, akishindwa, mheshimiwa, mwambie mapema.

Wako mtiifu,
Shabiki wa kibanda umiza, Dar es Salaam