Sayansi Mbili, Kiswahili na Sufuria ya Maharage

Mlango wa friji yetu, hapa Minnesota, ulijaa karatasi tangu Septemba. Za kijani zilikuwa za biolojia, za njano za kemia, na za buluu, chache, zimesukumwa pembeni karibu na kishikio, zilikuwa za Kiswahili. Binti yetu yuko mwaka wa pili chuoni. Alikuwa ameamua kusoma sayansi mbili kama masomo makuu, kisha aongeze Kiswahili kama somo dogo. Mama yangu, aliyekuja kutoka Tanga kukaa nasi, kila alipofuata maziwa alizitazama karatasi zile akamwambia mjukuu wake, "Mke mwenzangu, kesi yako itasikilizwa lini?"

Wengi huogopa ile sayansi ya pili. Mimi nimeona si hiyo inayobana. Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120, yaani 15 kila muhula kwa miaka minne, na biolojia na kemia zinabebana sana: kemia ya jumla, kemia ya kaboni, fizikia na hesabu huhitajika pande zote mbili. Mwishoni mwanafunzi hupata shahada moja yenye masomo makuu mawili, si shahada mbili.

Kinachobana ni saa. Maabara humeza alasiri nzima, saa tatu au zaidi, na mara nyingi huleta krediti moja tu. Halafu kuna foleni ya kozi: kemia ya jumla mihula miwili, ndipo kemia ya kaboni mihula miwili, ndipo biokemia. Ukikosa hatua moja unaweza kungoja mwaka mzima kozi irudi. Lugha nayo, katika hatua za mwanzo, hufundishwa karibu kila siku ya wiki. Na fedha zina mpaka wake: vyuo vingi hutoza ada ile ile kwa krediti 12 hadi 18, ukizidi hapo unalipia, na ruzuku ya serikali iitwayo Pell haivuki mihula 12 ya masomo ya muda wote.

Basi usiku wa kuamkia siku ya kujiandikisha, mwezi Novemba, mke wangu alibandika maharage ya nazi jikoni, akazihamishia karatasi zote kwenye meza ya chakula. Mdogo wake binti alishika kalamu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Jumanne, ambapo maabara ya kemia ya kaboni iliangukia saa ile ile ya Kiswahili cha mwanzo. Mshauri wa masomo alikwisha kumwambia afute somo dogo. Mke wangu akaona hivyo hivyo.

"Kitoe, mwanangu. Kiswahili unakiongea hapa nyumbani kila siku."

"Nakiongea, Mama, lakini kuandika siwezi. Bibi akiwa Tanga namtumia sauti tu kwenye simu. Barua sijawahi kumwandikia hata moja."

Hapo kila mtu akawa na la kusema, na jikoni hakubaki mtu. Tui lilikauka, maharage yakashika chini, moshi ukatanda, na king'ora cha moshi kikalia nyumba nzima. Tulizima jiko, tukafungua madirisha, tukatoka nje kwenye theluji, Bibi akiwa na khanga mbili na koti langu juu. Binti alitoka amekumbatia karatasi zake. Upepo ukamnyang'anya kadhaa, na mdogo wake akazikimbilia za buluu peke yake, akazileta zimelowa.

Bibi ndiye aliyeuliza swali lililotakiwa kuulizwa tangu Septemba. "Huyu mtoto tangu nifike tunazungumza mpaka usiku wa manane. Kwa nini aanzishwe na a, e, i, o, u?"

Mke wangu akatoa simu pale pale barazani, akatafuta katika taarifa za chuo. Upo mtihani wa kupima kiwango cha lugha, na anayefaulu huruhusiwa kuruka kozi za mwanzo. Si kila chuo humpa krediti za kozi alizoruka, lakini mlango hufunguka. Binti aliufanya mtihani huo kabla ya muhula kuanza, akapelekwa moja kwa moja mwaka wa pili wa Kiswahili. Darasa hilo ni la asubuhi. Jumanne ikawa huru kwa maabara.

Nashukuru hatukulitupa lile somo. Binti yangu anataka kutibu watu. Katika majimbo mengi ya nchi hii wapo wagonjwa wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wakimbizi kutoka Kongo, ambao humweleza daktari maumivu yao kupitia mkalimani wa simu. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, Kiswahili cha daktari kina uzito sawa na biokemia yake.

Ndugu mzazi, mtoto wako akianza chuo huku, mwambie aulize mambo mawili kabla ya muhula wa kwanza: kozi zipi zinahesabiwa pande zote mbili, na mtihani wa kupima kiwango cha lugha unafanyika lini. Na somo dogo alipange pamoja na maabara tangu siku hiyo hiyo.