Jua Limesingiziwa

Hapa Kilindoni, Mafia, siku hizi hakuna mkosaji, kuna jua tu. Fundi kaiua simu yangu: "Jua hilo, mzee." Mashine ya boti imegoma katikati ya maji: jua. Shemeji yangu wa Utende hajanilipa elfu hamsini: "Shemeji, hujasikia? Chembe za jua zimevuruga mtandao."

Balaa lilianza Mei 2024. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilitupitia, tukabaki kukimbizana na mabati. Tarehe 10 dunia ikapigwa na dhoruba ya jua, kali kuliko zote tangu 2003. Tarehe 12 intaneti ikazorota nchi nzima. Barazani wakajumlisha yote, wakapata jibu moja.

Nimechoka kuwaeleza. Wakati ule jua lilikuwa na kundi la madoa lenye upana wa takriban dunia 15 zikipangwa safu. Juu ya madoa kama hayo mistari ya sumaku husokoteka kama kamba ya usumba, ikazidi kukazwa. Inayoelekea pande tofauti ikikutana, hukatika na kuungana upya, na nguvu iliyokuwa imebanwa hufyatuka. Elektroni na protoni zilizo jirani husukumwa kwa kasi ya kutisha. Wimbi la gesi linalotupwa na jua nalo huziongezea msukumo njiani. Tarehe 11 baadhi ya protoni zilizidi robo tatu ya kasi ya mwanga.

Lakini mlipuko uliorusha protoni hizo ulifikia kilele saa 10 na dakika 23 alfajiri kwa saa zetu. Jua lenyewe Mafia lilikuwa halijachomoza! Tena dunia ina sumaku yake, na sisi wa karibu na ikweta ndio inaotukinga zaidi na chembe hizo. Kuhusu intaneti, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika chini ya bahari, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Jua halina mkono pale.

Nikampigia mdeni wangu. "Shemeji, protoni inakata kilomita milioni 150 ndani ya nusu saa. Elfu hamsini yangu inatoka hapo Utende tu!"

Akavuta pumzi. "Basi shemeji, nitatuma usiku, jua likishazama."

Usiku ukaingia, simu yake haipatikani. Nangoja nisikie atakavyousingizia mwezi.