Gari Lenye Mgongo

Mama mkwe wangu aliposhuka basi pale stendi ya Magufuli, Mbezi, alikuwa na fenesi moja, majogoo wawili, kiroba cha machungwa na mkeka uliokunjwa ambao alisema ni zawadi yangu. Mimi nilikuwa na Vitz.

Asiyewahi kufungua buti la Vitz mbele ya mkwewe hajaijua fedheha. Fenesi liliingia, na habari ya buti ikaishia hapo. Kiroba kikaenda miguuni kwa mama, majogoo wakapakatwa na watoto siti ya nyuma, mkeka ukachomoza dirishani kama mzinga. Foleni ya kutoka Mbezi hadi kwangu Kivule ilikula saa mbili na nusu, na mahali fulani katikati jogoo mmoja akafanya alichofanya juu ya sare ya shule ya binti yangu mkubwa. Mama mkwe hakusema kitu. Alitazama nje kwa utulivu wa mtu anayeihesabu upya mahari aliyopokea.

Usiku mke wangu akatoa hukumu. "Baba watoto, tunataka gari lenye mgongo."

Kwa mgongo alimaanisha yale magari ambayo wazee waliyaita stesheni wagoni: paa linanyooka mpaka nyuma kabisa, siti za nyuma zinalala, na mzigo unalala nazo. Mkopo wa Saccos uliniruhusu milioni 9 na nusu. Kuagiza Japani nilikuonja mtandaoni tu. Bei ya gari inavutia mpaka ufungue kikokotoo cha TRA, ukutane na ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, na ushuru wa uchakavu juu yake kwa kosa la gari kupita miaka 10. Hapo ndipo unapogundua kwamba gari hilo hilo unalinunua mara mbili, kwanza kwa Mjapani, kisha bandarini. Nikaamua kutafuta ambalo mwenzangu ameshalitoa bandarini na limeshamchosha.

Nilipotangaza nia, nikagundua kwamba nchi hii haina mtu asiyejua magari. Baba yangu, ambaye hajashika usukani tangu 1994, alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. "Tafuta Pijo 504, ile Familiale ya safu tatu za viti. Pijo 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, itashindwa na fenesi?" Nikamwambia, mzee, Pijo zimekwisha. Akanyamaza kidogo. "Basi na watu nao wamekwisha," akasema, akakata simu.

Mwenzangu wa ofisini alinipeleka kwenye Subaru Legacy. "Ukikanyaga, unaisikia." Nikakanyaga, nikaisikia. Fundi wangu akafungua kifuniko cha oili, akachungulia, akaniita nami nichungulie. Ndani mlikuwa na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Maji na oili walikuwa wameshafunga ndoa. "Gasketi," akasema, akakirudisha kifuniko taratibu, kama mtu anayemfunika marehemu uso. Tukaaga.

Fundi huyu ana kanuni moja tu maishani: chukua lolote lisilo D4. Hiyo ni ile injini ya Toyota inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Kwao inasifiwa. Mafundi wa huku huitaja kwa sauti ya chini, kama ugonjwa wa jirani. Kwa hiyo tulipokwenda kuona Caldina moja ya fedha, nzuri kweli kweli, boneti likafunguliwa na tukakuta kitambaa kimetandikwa vizuri juu ya kava la injini. "Cha kufutia vumbi tu hicho, bosi," dalali akasema. Fundi akakiinua kwa vidole viwili. Chini yake palikuwa na herufi moja na tarakimu moja. Akakirudisha kilipokuwa, akanyoosha na mikunjo.

Lakini aliyekaribia kunimaliza ni Fielder. Tangazo lake lilikuwa limepikwa na mpishi hasa: namba D, mtumiaji mmoja, ya mama mwalimu, haijawahi kulala gereji, unawasha unaondoka, maongezi mbele ya gari. Hiyo namba D peke yake inauza. Gari limezaliwa Japani 2003, limekwenda shule huko, limebalehe, 2016 linafika Dar es Salaam linapewa namba, na kuanzia hapo sisi tunalihesabia umri tangu siku ya ubatizo. Nilijua hayo yote. Bado nilipoiona ile D moyo ulinidunda.

Tulipokelewa na madalali watatu. Wa kwanza ndiye niliyempigia, wa pili ndiye anayemjua wa tatu, wa tatu ndiye anayemjua mwenye gari, na kila mmoja alikuwa na tabasamu la mtu mwenye fungu lake ndani ya bei yangu. Dashibodi ilisema kilomita 68,000. Mimi nikaanza kuguna kwa kuridhika. Fundi hakutazama dashibodi. Alifungua mlango wa dereva, akachuchumaa, akamulika kwa tochi ya simu chini kabisa, kwenye pedeli ya breki. Raba ilikuwa imelika upande mmoja mpaka chuma kinacheka. Akapitisha kiganja kwenye usukani. Uling'aa kama kipara cha mjomba siku ya Idi. Akabonyeza siti ya dereva, na siti haikurudi.

"Huyu mwalimu," akauliza bila kusimama, "alikuwa anafundisha wapi? Lubumbashi?"

Madalali wakatazamana. "Alikuwa na safari za hapa na pale," akasema wa kwanza.

"Semina," akaongeza wa tatu.

Tukaomba kuliendesha. Dalali wa pili akapanda nasi, na tulipoikaribia barabara ya vumbi akaongeza sauti ya redio ghafla, akisema anaupenda sana ule wimbo. Fundi akazima redio. Kutoka chini ya gari ikaja sauti ngo, ngo, ngo, kama mtu anayebisha hodi kwa subira. "Kokoto hiyo," dalali akasema. Kokoto ile tulikwenda nayo kilomita tatu na tukarudi nayo.

Baada ya miezi miwili ya namna hii mke wangu akachoka, akaja mwenyewe. Alikuja na futi ya kushonea. Kwenye yadi moja alipita mbele ya magari yote yaliyong'arishwa, akasimama penye Probox nyeupe iliyokuwa imeegeshwa pembeni kama mlinzi. Hakuuliza mwaka wala kilomita. Alifungua nyuma, akalaza siti, akapima urefu, akapima upana, kisha akavua viatu, akapanda, akajilaza chali ndani yake na mikono kifuani. Mwenye yadi akageuka kutazama ukuta kwa heshima.

"Linatosha," ikaja sauti kutoka ndani.

Nilijitetea. Nilisema hili ni gari la mizigo, Toyota walilitoa 2002 kwa ajili ya makampuni, ili mchuuzi abebe sampuli zake, na hakuna Mjapani hata mmoja aliyewahi kuifikiria familia yangu. Nilionyesha mgongo wa siti ya nyuma, ambao umesimama wima kama benchi la kanisani. Nilionyesha vioo vya nyuma vya kuzungusha kwa mkono. Mlangoni, jua likipiga kwa ubavu, unaona kivuli cha maandishi ya Kijapani yaliyobanduliwa. Jirani yangu baadaye alisisitiza ni duka la majeneza, sijui alitoa wapi elimu hiyo. Fundi alikuwa ameshazama kwenye boneti. "Ni 1NZ, bosi, elfu moja na mia tano. Hii hata ukiitukana inawaka." Kisha mtoto wangu wa pili akavuta kitu chini ya redio, na kikatoka kimeza. Kimeza kabisa, cha kuwekea kompyuta au chakula cha mchana. Watoto wote watatu wakakitazama kimya. Miezi miwili nilihangaika na injini, kumbe familia yangu ilikuwa inatafuta meza.

Milioni 9 na laki 2.

Kwa mama mkwe gari lilikubalika siku ya kwanza, kwa sababu ya adabu. Ukiliwasha, kifaa cha kulipia barabara za Japani kinaamka, na mwanamke mmoja anasema kwa sauti laini sana kwamba kadi haijawekwa. Mama akageuka. "Amesema nini?" Sikuwa na nguvu za kueleza. Nikasema anatusalimia. "Waalaikum salaam," mama akajibu, akakaa vizuri. Tangu hapo hajaacha kumjibu. Redio nayo ni ya Kijapani, masafa yake yanaishia 90 ambapo stesheni zetu nyingi ndiyo kwanza zinaanzia, kwa hiyo tunapata stesheni mbili, na moja ni kwa kuegesha upande fulani wa kilima.

Jambo moja sikulipima, wala fundi hakuliona chini ya boneti. Katika sehemu nyingi za nchi hii Probox si gari la familia. Ni mchomoko, gari la kubeba abiria. Jumatatu ya kwanza nikiwa kwenye foleni, milango miwili ya nyuma ikafunguka kwa pamoja, wakaingia watu watatu. "Hadi Banana shilingi ngapi?" Nikasema jamani, hili ni gari binafsi, namba ya njano hiyo. "Tunajua, kaka," akasema mama mmoja akifunga mlango vizuri. "Wote mnasema hivyo trafiki wakiwa karibu."

Likizo ilipofika nikamrudisha mama mkwe Muheza. Mke wangu alikuwa na zamu, kwa hiyo tukaenda watano: mimi, mama mbele na kikapu chake, watoto watatu nyuma, na mzigo mpaka darini. Tangu Chalinze kitindamimba wangu, miaka mitano, alikuwa anacheza ukonda. Alikuwa amezikunja risiti zangu za petroli kwa urefu, akazipanga katikati ya vidole kama noti, na kila kijiji tulichopita akagonga mlango. "Segera, Segera! Wawili wa mwisho!"

Mbele kidogo ya Mkata tukasimamishwa.

"Habari ya safari, dereva. Hawa abiria unawatoa wapi?"

"Ni familia yangu, afande."

"Wote mnasema hivyo." Akaomba kadi ya gari. Ilikuwa bado na jina la mmiliki wa awali, maana uhamisho ulikuwa unashughulikiwa. Akaisoma, akasoma leseni yangu, akazunguka upande wa pili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu dereva unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Anaitwa nani?"

Ndani ya gari pakawa kimya. Mama mkwe wangu ni mtu wa zamani, na kwa watu wa zamani mkwe hatajwi jina. Nina miaka 14 kwenye ndoa, sijawahi kulisikia jina langu likitoka kinywani mwake. Mimi ni "baba yao", mimi ni "yule bwana", mambo yakiwa mazito mimi ni "ninyi". Akaivuta kanga kichwani, akatazama kikapu.

"Siwezi kulisema."

Afande akashusha sauti. "Usimwogope, mama. Mimi niko hapa."

"Simwogopi. Siwezi."

Kalamu ikatoka mfukoni. Akafungua mlango wa nyuma, akamwinamia mdogo kuliko wote. "Mtoto mzuri, huyu pale mbele ni nani?"

"Dereva," akajibu kitindamimba, risiti zikiwa zimesimama vidoleni.

"Na wewe?"

"Konda."

Nikamtafuta binti yangu mkubwa kwenye kioo. Ana miaka 13, ana akili, angeweza kuniokoa kwa neno moja. Alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, macho mbali, hatujui sisi wote. Tangu siku ya jogoo ana kinyongo.

Kilichoniokoa kilitoka kwa konda mwenyewe. Alianza kubana magoti, risiti zikamwanguka moja moja, uso ukajikunja. "Baba! Baba, mkojo!"

Afande akamtazama mtoto. Akanitazama mimi. Akayatazama masikio ya mtoto, akayatazama yangu, ambayo kwa kweli hayana mjadala. "Mpeleke mtoto," akasema, akanirudishia karatasi zangu. Tuliporudi kutoka kichakani alikuwa bado amesimama dirishani. Nikawasha gari. Mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake, mama akamjibu salamu yake.

"Nani huyo anaongea?" afande akauliza, akiinama kuchungulia chini ya siti.

"Gari," mama mkwe akamwambia, kwa sauti ya kumshangaa.

Siku tatu baadaye tulikuwa tunarudi, siti ya mbele tupu, nyuma machungwa na mafenesi mawili yaliyolala kwa starehe. Nilisimama Muheza mjini kujaza upepo. Wakati nalipa, mwanamume mmoja mwenye beseni akafungua mlango wa mbele, akaketi, akafunga mkanda, akauliza Segera ni bei gani. Nikainama dirishani, nikavuta pumzi, nikaanza tena ile hotuba yangu kwamba hili ni gari binafsi, la familia, namba ya njano.

Kitindamimba alikuwa ameshapokea elfu tano, na alikuwa anamtafutia chenji.