Muulize Bi Kigingi: Hema la Misimu Minne

*Shikamoo Bi Kigingi. Ninaishi Maili Moja, Kibaha, na nina watoto wanne. Kariakoo nimeona hema la watu sita, limeandikwa "misimu minne", na muuzaji ameniapia kwamba haliingizi hata upepo. Nataka likizo ya Juni niwapeleke watoto wakalale msituni Kisarawe. Mke wangu anasema nanunua jiko la kuokea watu. Tuamue. Baba wa Wanne.*

Marahaba, mwanangu. Kesi kashinda mke wako, na shahidi wake mkubwa ni huyo huyo muuzaji aliyekuapia. Maneno "misimu minne" yamekupendeza kwa sababu nasi tunayo minne: masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Lakini aliyeyaandika hakuwa akiifikiria masika yetu. Alifikiria nchi ambako msimu wa nne ni theluji, na mtu akilala nje hofu yake ya kwanza ni kuganda. Ndiyo maana hema la namna hiyo lina fito nene za kubeba uzito wa theluji, kuta za kitambaa kitupu zinazoshuka hadi chini, na wavu kidogo mno, kama kidirisha cha choo. Sasa pima na kwetu. Mchana wa Januari na Februari joto la Dar es Salaam hufika nyuzi 32, na usiku nafuu ni ndogo. Hata Julai, tunapojifunika mashuka na kulalamika baridi, alfajiri ni kama nyuzi 19, na kwa aliyeunda hema hilo hiyo ni hali ya kuvaa kaptura. Hema lisiloingiza upepo ni sifa kule, lakini hapa ni kasoro, nawe unaombwa uilipie.

Kama wataka ushahidi usiotoka kwa mwanamke wa gazetini, shuka bonde la Ruvu ulitazame dungu la mlinzi wa mpunga. Dungu limejengwa na watu walioijua hali ya hewa hii kabla ya nailoni kuzaliwa: jukwaa limeinuliwa juu ya nguzo, paa zito la nyasi au makuti, na pande zote wazi. Mvua hushuka kutoka juu, kwa hiyo fedha na jasho vyote vimewekwa juu. Upepo hupita ubavuni, kwa hiyo ubavu umeachwa. Wadudu na nguruwe hutoka chini, ndiyo maana pakainuliwa. Kasoro ya dungu ni moja tu, mbu, na hapo ndipo hema la kisasa linapopata kazi. Kwa hiyo shika kipimo hiki: hema la Kibaha na Kisarawe ni chandarua chenye paa na sakafu. Anayekuuzia nyumba ya kitambaa amekosea wilaya.

Ukilishika hilo, mengine yanajipanga. Tafuta hema la tabaka mbili: la ndani liwe wavu kwa sehemu kubwa, hasa juu, na la nje liwe kitambaa kisichopitisha maji, likae mbali na wavu kiasi cha kiganja ili hewa ipite katikati. Ulizia namba ya milimita. Namba hiyo hupatikana kwa kusimamisha maji juu ya kitambaa na kupima kimo chake kabla hayajaanza kupenya. 1,500 inatosha kwa manyunyu, 3,000 inakuwezesha kulala bila kuhesabu matone. Usilipie zaidi ya hapo ukidhani unanunua masika, maana Aprili peke yake Dar es Salaam hupata wastani wa milimita 250 hivi za mvua, na mtu mwenye akili Aprili hulala kwake. Sakafu iwe ya turubai, imeshonwa pamoja na kuta na kupanda juu kidogo mithili ya beseni. Zipu zijaribu hapo hapo dukani, mara kumi, muuzaji akinuna mwache anune. Hema lenye zipu mbovu ni chandarua chenye mlango wazi.

Utaniambia kwamba tabaka moja ni bei rahisi. Kweli, na alfajiri utaamka umelowa, uende Kariakoo kugombana na mtu asiye na kosa. Watu sita wakipumua usiku kucha ndani ya kitambaa kimoja, katika hewa ya pwani ambayo tayari imeshiba maji, mvuke wao hugota kwenye kitambaa kilichopoa na kuwadondokea. Si mvua hiyo, ni ukoo wako. Katika tabaka mbili mvuke hupita kwenye wavu, ukagota kwenye kitambaa cha nje na kuteremka nacho hadi chini, nyinyi mkabaki wakavu.

Na hiyo "watu sita"? Watengenezaji humpa kila mtu upana wa kama sentimita 60, aliyelala kama dagaa kwenye kopo, bila begi, bila mtoto anayezunguka usingizini kama akrabu ya saa. Ubanaji huo ungekuwa suala la starehe tu, kama si mbu. Mbu wa malaria huuma usiku, na chandarua mlichopewa kliniki kina dawa inayomuua akitua. Wavu wa hema kwa kawaida hauna dawa. Kazi yake ni kumzuia tu, na mtoto akiuegemeza mkono, mbu aliye nje ataunywa mkono huo kwa utulivu kabisa. Kwa hiyo nafasi kati ya mwili na wavu ni sehemu ya kinga. Hema la sita lihesabu kuwa la wanne. Nyinyi ni sita, mwanangu, na tayari hamuenei. Wala usijipe moyo kwamba mbu wa kwenu wamepungua eti kwa kuwa Kibaha kuna kile kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Dawa huua pale inapomwagwa, na dimbwi la msituni halijamwagiwa.

Hapa mtu mbishi atauliza: kama yote ni wavu na paa, kwa nini nisitundike chandarua cha nyumbani chini ya turubai, fedha nikalipia ada za shule? Hoja nzuri, na uani kwako fanya hivyo hivyo leo usiku. Msituni inaanguka kwa sababu ya sakafu. Siafu hawasomi mipaka ya mkeka, na nge hupenda joto la shuka. Kinachokutoa fedha mfukoni ni ule mshono kati ya wavu na turubai la chini, pamoja na zipu inayoufunga.

*Bi Kigingi, mwenzangu. Mkwe wangu, simtaji jina ila anakaa Maili Moja, anataka kumlaza binti yangu na wajukuu porini, hali hapa Maneromango nina nyumba ya bati yenye vyumba vitatu. Porini hulala mchoma mkaa. Tena nasikia hema lenyewe ni la wavu, watu wataonekana! Bibi wa Wanne.*

Dada yangu, nimekusoma kwa heshima, na hoja yako ya pili ina uzito kuliko ya kwanza, basi nianze na hiyo. Stara haiko kwenye wavu. Iko kwenye kitambaa cha nje, ambacho kikishatandikwa humwoni mtu. Kinachowafedhehesha watu ni taa: ukiiwasha ndani, kitambaa kinageuka pazia la sinema na kila anayevaa kanga anatazamwa na kambi nzima. Taa ining'inizwe nje, mbele ya mlango. Wadudu nao watafuata huko. Na kwa kuwa hema moja haliwatoshi, wanunue mawili ya watu wanne wanne: wazazi na mdogo humu, wakubwa mle, milango ikitazamana, turubai likipita juu katikati. Adabu ya vyumba vyako vitatu itakuwa imehamia nao.

Kuhusu mchoma mkaa, ni kweli analala porini, na mvuvi analala dago, na mlinzi wa mpunga dunguni. Hawa walilala nje kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo mtu wa nyumbani halipati, na hicho ndicho kipimo hata kwa mkweo. Kama anawapeleka watoto msituni ili wakatazame simu, nyumba yako ni bora. Lakini katika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, hapo hapo kwenu Kisarawe, anaishi komba wa Rondo, kinyama cha kama gramu 60 kinachopatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania na kiko hatarini kutoweka. Komba hatoki mchana. Familia ya Dar es Salaam inayofika saa nne asubuhi, ikala wali na kuondoka saa kumi, imeona miti; sauti ya msitu haijaisikia. Bati lako haliwezi kumletea mjukuu sauti hiyo, nawe hukumnyima kwa makusudi.

Usalama una masharti, na hayo uyasimamie wewe kwa kuwa mkweo atakuogopa. Msitu huo ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Waombe kibali, walipe, walale wanapoonyeshwa na askari wa msitu. Kandokando ya mto Ruvu wasithubutu, palivyo pazuri kwa picha ndivyo palivyo pazuri kwa mamba na kiboko. Moto wa kuni waache, waende na jiko la gesi, na chakula kilale garini siyo hemani, maana sisimizi hunusa sukari kabla ya mtoto kuikumbuka. Watoto wafundishwe upupu kabla hawajaugusa. Mahandaki ya zamani yaliyochimbwa kaolini huko Pugu wayatazame kutoka mlangoni. Ndani ni kwa popo.

Na kabla ya yote hayo, usiku mmoja uani Maili Moja. Huko ardhi ni ya kichanga, vigingi vitang'oka kwa upepo wa kwanza, na baba mtu atajifunza kufunga kamba kwenye kiroba kilichojazwa mchanga na kuzikwa. Milima ya Pugu ina udongo mweupe wa mfinyanzi, unashika kigingi barabara lakini maji yanatuama, hivyo hema litafutiwe kimwinuko. Afadhali ayajue hayo akiwa hatua kumi kutoka mlango wa jikoni.

*Shikamoo Bi Kigingi. Mama amekubali, kwa sharti aje naye. Tumenunua mahema mawili ya wavu. Jana tumeyapiga kwa majaribio, si Maili Moja tena, kwa mama Maneromango, na mume wangu amechagua chini ya mfenesi kwa sababu ya kivuli. Mama amenyamaza, ananitazama tu. Kuna tatizo? Mama wa Wanne.*

Marahaba, mwanangu. Fenesi lililokomaa hufika kilo 20, na namba ya milimita haikupimwa kwa hilo. Sogezeni mahema kabla ya magharibi. Halafu muulize mama yako, kwa upole, alikuwa akisubiri nini.